Petroli iko chini ya Ziwa Albert, lakini esansi itatoka wapi?

Kila mara bei ya esansi inapopanda Bunia, Beni, Butembo ao Bukavu, swali moja linarudi kwa wamotari na kwa wale wanaouzisha mafuta ndani ya chupa kando ya barabara: Congo iko na petroli, sababu gani wakaaji wa mashariki wanangojea lori zenye kutoka Mombasa na Dar es Salaam?

Jibu la kwanza ni kwamba petroli ghafi na esansi si kitu kimoja. Huko Muanda, jimbo la Kongo-Central, petroli inachimbuliwa tangu miaka ya 1970. Inapakizwa ndani ya meli, inaenda inje ya inchi. Hakuna pikipiki inayoweza kutembea nayo vile inatoka kisimani.

Petroli ghafi ni mchanganyiko wa molekuli za kaboni na hidrojeni. Zingine ni fupi, zingine ni ndefu sana. Zenye kaboni 5 mpaka 12 hivi ndizo esansi. Zenye kuwa ndefu kidogo zinatoa petroli ya taa, mafuta ya ndege na mazutu. Zile ndefu kabisa ni nzito na zinanata, kama lami ya barabara.

Kiwandani wanaanza kwa kuchemsha petroli karibu digrii 350. Nyepesi inapanda juu ya mnara, nzito inabaki chini. Lakini kuchemsha kunatenga tu, hakubadilishe kitu. Ikiwa ndani ya pipa mlikuwa esansi kidogo, itatoka kidogo vilevile, na ile nzito inabaki bila wanunuzi wengi.

Hapo ndipo kazi ya kupasua molekuli inaingia. Ni kama gogo kubwa: haliingie chini ya sufuria mpaka ulipasue. Mwaka 1913, Mmarekani William Burton alipata hati ya njia ya kupasua mafuta mazito kwa moto na mgandamizo mkali. Esansi inayotoka kwa kila pipa iliongezeka karibu mara mbili. Tangu 1942 viwanda vikubwa vinatumia unga wa pekee, katalizeri, ndani ya moto wa digrii 500 hivi. Molekuli ndefu ikigusa unga ule, inakatika: inatoa esansi, gesi ya kupikia na vitu vya kutengeneza plastiki. Masizi ya kaboni yanabaki juu ya unga, yanachomwa, kisha unga unarudi kazini.

Mashine za namna ile zinaomba pesa nyingi, umeme usiokatika, mafundi, na petroli ya kutosha kila siku. Tena kila kiwanda kinapangwa kwa aina fulani ya petroli. Congo inajua jambo hilo. Kiwanda cha SOCIR, karibu na Muanda, kilijengwa miaka ya 1960 pamoja na Waitalia, kwa kusafisha petroli nyepesi yenye kutoka inje. Petroli ya Congo ilipoanza kutoka, ilikuwa nzito kupita nguvu ya kiwanda. Leo SOCIR haisafishe tena. Matangi yake yanatumika kwa kuweka mafuta yaliyokwisha kusafishwa kwingine.

Hata Nigeria, inchi yenye petroli nyingi sana Afrika, iliuzisha petroli ghafi na kununua esansi inje kwa miaka mingi. Mambo yalianza kugeuka 2024, wakati kiwanda cha Dangote, karibu na Lagos, kilipoanza kazi. Kimepangwa kusafisha mapipa 650,000 kwa siku, na kiligharimu karibu dola miliari 20.

Kwa Ituri na Kivu ya Kaskazini, jambo linaloangaliwa ni Ziwa Albert. Upande wa Uganda petroli ilivumbuliwa 2006. Imejaa nta, maana yake molekuli ndefu, ikipoa inaganda. Ndiyo maana bomba la kilometa 1,443 toka Hoima mpaka Tanga, Tanzania, limepangwa kupashwa moto njia yote. Mwezi wa tatu 2025, Uganda ilitia saini na kampuni ya Falme za Kiarabu, Alpha MBM, kwa kujenga kiwanda cha mapipa 60,000 kwa siku huko Hoima. Kikitembea, esansi inaweza kufika Mahagi na Kasindi bila kutoka mbali baharini.

Upande wa Congo, serkali iliweka sokoni bloku 27 za petroli mwaka 2022, kati yake 4 za eneo la Ziwa Albert. Mwezi wa kumi 2024 mnada ule ulifutwa.

Siku mnada mwingine utafika Ituri, ahadi za kazi na maendeleo zitakuwa nyingi. Wavuvi na wakulima wataombwa kuacha nafasi zao. Kabla ya kukubali, wakaaji wako na haki ya kuuliza mambo matatu: petroli itasafishwa wapi, na kiwanda cha aina gani, na sehemu gani ya esansi itarudi kuuzwa huku. Bila majibu yaliyoandikwa, Ituri inaweza kuwa kama Muanda: petroli inatoka udongoni, na esansi inaendelea kununuliwa kutoka inje.