Tarehe katika Tovuti ya Msikiti



Misikiti yetu kadhaa sasa ina tovuti, na kazi ya kuzitengeneza hufanywa na vijana wetu wanaojitolea, Allah awalipe kheri. Aghalabu kijana huchukua kiolezo kilichokwisha kuandaliwa, akatia jina la msikiti na picha, kisha tarehe na saa akakiachia kiolezo chenyewe kizipange. Hapo ndipo kamati ipasapo kuuliza, kwani kiolezo hicho hakikuandaliwa kwa ajili yetu.

Tuchukue tangazo la nikaha: "05/06, 2:00". Kwa mpangilio wa Kimarekani hiyo ni tarehe 6 Mei. Kwetu ni tarehe 5 Juni. Na shangazi wa bibi harusi atasoma saa mbili, ilhali kiolezo kimekusudia saa nane mchana. Mwezi na uandikwe kwa jina lake, na saa ifuatiwe na neno asubuhi, mchana, jioni au usiku. Hilo ni jepesi.

Zito ni tarehe ya Hijria. Siku yetu huanza jua linapotua. Usiku wa Ijumaa ni ule unaoutangulia mchana wake. Kompyuta hugeuza tarehe saa sita usiku. Basi tangu Magharibi hadi saa hiyo tovuti huwa nyuma kwa siku moja. Mwenye kuzitafuta nyusiku za witiri katika kumi la mwisho la Ramadhani atasoma tarehe 20, naye tayari yumo ndani ya usiku wa 21.

Tena kuna mwezi wenyewe. Baadhi ya programu hufuata kalenda ya Ummul-Qura ya Saudia, ambayo hupangwa kwa hesabu kabla hilali haijaandama. Sisi tukikamilisha siku 30 kwa kutoonekana mwezi, kalenda ile yaweza kuwa imekwisha kuingia Shawwal. Mtu ataamka, aone tovuti ya msikiti wake imeandika 1 Shawwal, naye ale mchana wa Ramadhani wakati imamu hajatangaza lolote. Ikiwa kinyume chake, atafunga siku ya Idi, nayo kuifunga ni haramu. Nani atamlaumu? Ameliamini jina la msikiti lililo juu ya ukurasa.

Wapo wanaoshauri Hijria iondolewe kabisa. Siafikiani nao; watoto wetu wengi tayari hawajui Rajabu iko wapi katika mwaka.

Zipo programu zenye mahali pa kuongeza au kupunguza siku. Isipokuwapo nafasi hiyo, tarehe iandikwe kwa mkono. Ateuliwe mtu mmoja, kwa idhini ya imamu, ambaye kila jioni ya mwezi 29 atangoja taarifa ya mwandamo ndipo aiguse tarehe. Na kabla taarifa haijafika, mahali pake paandikwe maneno mawili tu: "Tunasubiri mwandamo".