Ngitili ni kisima cha maskini



Mkulima wa Shinyanga hupanda mvua za kwanza zinaponyesha. Mara nyingi siku hizi mvua hiyo humpa matumaini, kisha hukatika, na mche hunyauka kabla ya kuzaa. Ikirudi, hunyesha kwa kishindo na kuchukua udongo badala ya kuulowesha. Tena, kadiri joto linavyoongezeka, ndivyo hewa inavyonyonya maji mengi zaidi ardhini na majanini.

Jambo hili lisitukatishe tamaa. Zamani misitu ya Usukuma ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o, kisha kupanua mashamba ya pamba, hata nchi ikabaki uchi. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Mpango huo ulifanikiwa kwa sababu uliheshimu hekima ya wazee: ngitili, malisho yanayofungwa mvua zianzapo na kufunguliwa kiangazi kikikaza. Mpango ulipokoma mwaka 2004, ngitili zilikuwa zimeenea katika hekta zisizopungua 300,000. Penye nyasi na migunga, maji ya mvua hupunguza mwendo, hupenya ardhini, na kivuli huyalinda.

Leo urithi huo unakatwa kwa ajili ya mkaa. Huko Geita nako miti huangushwa kupata matimba, magogo ya kushikilia kuta za maduara ya dhahabu. Hatumhukumu kijana atafutaye riziki. Lakini anayelipa gharama ni mama aendaye mbali na ndoo kichwani, na mfugaji mdogo asiye na ngitili yake mwenyewe.

Ni kweli, waliochafua hewa zaidi ni mataifa tajiri, nasi tuna haki ya kuyadai. Hata hivyo, deni lao halifuti wajibu wetu. Papa Fransisko, katika waraka *Laudato Si'* wa mwaka 2015, alitufundisha kusikia kwa pamoja kilio cha dunia na kilio cha maskini.

Kwa hiyo, viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, simameni katika mkutano mkuu wa kijiji mkaulize: Mipaka ya ngitili yetu ni ipi? Nani aliruhusu ikatwe? Fedha zilikwenda wapi? Na wanaonunua matimba, je, wamepanda miti mingapi? Parokia nazo zianze kwa kufunga sehemu ya ardhi yao wenyewe, ili tusihubiri tusilolitenda.