Bluu ya Ramani Haipimi Chumvi ya Unguja

Novemba 2025 Benki ya Dunia ilitoa ripoti juu ya kukauka kwa mabara. Ilisema dunia inapoteza mita za ujazo bilioni 324 za maji matamu kila mwaka, kiasi cha kuwatosha watu milioni 280. Onyo hilo ni zito na sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni na namna ramani za ripoti za aina hiyo zinavyosomwa huku kwetu. Sehemu kubwa ya Afrika Mashariki huonekana humo kwa bluu, rangi ya maji yanayoongezeka, na bluu hiyo imekuwa jibu jepesi la kumnyamazisha anayelalamikia chumvi kwenye visima vya Unguja: mbona satelaiti inaonyesha tuko salama?

Satelaiti haionyeshi hivyo. Unguja haiioni, na hata ingeiona isingetuambia tunachotaka kujua.

Data za ramani hizo hutoka kwa jozi za satelaiti: GRACE, iliyofanya kazi 2002 hadi 2017, na GRACE-FO iliyorushwa Mei 2018. Mbili hufuatana angani, karibu kilomita 500 juu yetu, zikiachana takriban kilomita 220. Penye maji mengi ardhini mvutano huzidi, ya mbele huvutwa kwanza, na umbali kati yao hubadilika kwa kiasi kidogo mno kuliko unene wa unywele. Vituo vya Ujerumani, Austria, Ufaransa, Uswisi na Marekani hukokotoa uwanja wa mvutano wa dunia wa kila mwezi, kila kimoja kwa njia yake, na majibu hayafanani. Tangu 2019 huduma iitwayo COST-G, inayoongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Bern, huyaunganisha, jibu lenye makosa machache likipewa nguvu zaidi. Ni kazi ya akili kubwa. Ziwa Victoria lilipovunja mwezi Mei 2020 rekodi yake ya 1964, mlima ule wa maji ulikuwa saizi hasa ya vyombo hivi.

Wanaozitetea ramani husema data ni za bure, zinafika pasipo na vipimo vya ardhini, na uunganishaji unaziboresha kila mwaka. Sawa. Ila kuunganisha hupunguza makosa, hakufanyi kitu kidogo kionekane. Vyombo hivi hutofautisha vitu vyenye upana wa kilomita 300 hivi. Unguja ina urefu wa kilomita 85, na imezungukwa na bahari ambayo nayo ina mvutano wake.

Hata hilo la ukubwa si hoja yangu kuu. Tuseme kesho irushwe satelaiti yenye uwezo wa kuona kiwanja kimoja cha kijiji cha Jambiani. Bado isingetusaidia, na sababu yake iko chini ya miguu yetu.

Upande wa mashariki wa kisiwa, kwenye maweni, maji ya mvua za masika na vuli hupenya jiwe la matumbawe na kukaa juu ya maji ya bahari yaliyojaa chini yake. Maji ya bahari ni mazito zaidi kwa takriban asilimia 2.5. Kwa hiyo, kwa kanuni inayojulikana tangu mwishoni mwa karne ya 19, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huandamana na mita 40 nyingine chini ya usawa huo. Piga hesabu: mita 41 za maji matamu zina uzito uleule wa mita 40 za maji ya bahari. Maji yetu yanaelea, kama ngalawa, kwa kusukuma kando maji yenye uzito sawa na wake.

Sasa yavuteni yote kwa pampu, na bahari ijae mahali pake. Uzito wa jumla haukubadilika. Chombo kinachopima uzito kitasoma sifuri, na ramani itabaki na rangi yake, ilhali kijiji kizima kinachota chumvi. Kisima kilichoharibika hakikukauka. Kimejaa tele, maji hayanyweki. Na hesabu ileile ina upande wake mkali: pampu ikishusha maji kwa nusu mita tu, chumvi ina nafasi ya kupanda hadi mita 20.

Hapo ndipo subira inaponiishia. Mwaka 2012 shirika la Tourism Concern lilichapisha utafiti uliofanyika Nungwi, Kiwengwa na Jambiani: nyumba ya mwanakijiji ilitumia wastani wa lita 93.2 kwa siku, chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano lita 3,195. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,346,332 Unguja, na watalii wa Zanzibar wa 2024 walivuka 700,000. Mtu anayeziona namba hizo kisha akanyanyua ramani ya bara zima hatafuti ukweli, anatafuta pa kujificha. Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar 1870 hadi 1888, aliuletea Mji Mkongwe maji ya bomba kutoka chemchemi za upande wa Bububu bila kuuliza Kongo kumenyesha kiasi gani.

Kipimo tunachokihitaji ni kifaa cha mkononi cha kupima chumvi, kamba ya kupimia kina, na mita kwenye kila pampu. Sheria ya Maji ya 2006 ndiyo iliyoipa Mamlaka ya Maji Zanzibar (ZAWA) dhamana ya maji yetu. Basi ZAWA itangaze kila mwezi chumvi na kina cha kila kisima cha Unguja, kwa jina la shehia, vya hoteli vikiwemo. Na hoteli isiyotaka mita kwenye kisima chake ifungiwe kisima hicho.