Kumbe bunduki nayo ina saizi kama daluga

MASHABIKI wa Arsenal mna stori yenu moja ya Olimpiki ambayo nina hakika wengi hamuijui. Agosti 2016 pale Rio de Janeiro, mzee mmoja wa Kuwait, Abdullah Al-Rashidi, aliingia uwanja wa kulenga shabaha akiwa ametinga jezi ya Arsenal. Hakuwa anatania. Kuwait ilikuwa imefungiwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, wanamichezo wake wakashiriki kama watu huru chini ya bendera ya Olimpiki, jezi ya taifa hairuhusiwi. Jamaa akavaa ya Gunners, akalenga, akaondoka na medali ya shaba. Arsenal yenyewe wakati huo ilikuwa na miaka 12 haijaonja taji la ligi.

Miaka mitano baadaye Tokyo, safari hii na jina la Kuwait kifuani, akachukua shaba nyingine. Alikuwa na miaka 57. Ukimtoa Kazuyoshi Miura wa Japan, kwenye mpira umri huo watu wako jukwaani wanamtukana refa.

Sasa mimi ni mtu wa mpira. Nikiambiwa bunduki kwenye ukurasa huu, hata mimi nashtuka. Lakini kuna kitu kwenye mchezo huu wa bunduki za marisau, ile watu wanaita shotgani, ambacho kimenikaa kichwani, na kinahusu pesa za vyama vya michezo kuliko kinavyohusu risasi.

Kwanza tuelewane mchezo wenyewe. Kwenye trap, kisahani cha udongo chenye upana wa milimita 110 kinarushwa kutoka kwenye shimo mbele yako kwa kasi inayovuka kilomita 100 kwa saa. Hujui kitaenda kushoto, kulia au katikati. Hatua ya mchujo ni visahani 125, na kila kimoja unaruhusiwa risasi mbili. Skeet, ule mchezo wa Al-Rashidi, visahani vinatoka kwenye vibanda viwili, cha juu na cha chini, na njia yake unaijua, ila ni lazima bunduki ianze chini, usawa wa nyonga, uipandishe kikiwa tayari hewani. Risasi moja ina gramu 24 za marisau, hairuhusiwi kuzidi. Uamuzi wote unafanyika ndani ya muda mfupi sana.

Na wanaotamba humo si wakubwa peke yao. Angalia San Marino. Kwenye soka tunawajua kwa vipigo, Ujerumani iliwahi kuwachapa 13-0 kwao mwaka 2006, na kwenye viwango vya FIFA wamekaa sana nafasi ya mwisho. Nchi nzima ina watu kama 34,000, ukiwaweka wote Uwanja wa Benjamin Mkapa hawajazi. Tokyo nchi hiyo ilipata medali tatu, mbili zikiwa za shotgani: Alessandra Perilli alichukua shaba ya trap, kisha akachukua fedha ya timu mchanganyiko pamoja na Gian Marco Berti. Ya tatu ilikuwa ya mieleka. Tatu kwenye mashindano mamoja. Sisi Tanzania tangu tuanze kwenda Olimpiki tuna mbili, za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, Moscow 1980.

Paris 2024 ikawa zamu ya Guatemala. Adriana Ruano alikuwa mcheza jimnastiki, mgongo ukamuumiza, akahamia kwenye bunduki. Tokyo alimaliza mkiani kabisa kwenye trap. Paris akavunja visahani 45 kati ya 50 kwenye fainali, rekodi ya Olimpiki, na kuipa nchi yake dhahabu ya kwanza katika historia. Francisca Crovetto wa Chile naye akachukua ya skeet.

KINACHOGUSA MKONO

Ukiwasikiliza watu wa mchezo huu wakibishana, unategemea wabishane kuhusu mtutu. Wapi! Wanabishana kuhusu kitako, mshikio na kile kipande kilichopinda kama nusu pete chini ya triga. Hicho kipande tukiite kinga ya triga, kwa sababu ndiyo kazi yake: kuzuia triga isiguswe na kidole, tawi au mfuko wa koti kabla ya wakati. Mshikio ni pale kwenye shingo ya kitako ambapo kiganja kinashika.

Sababu ya ubishi ni rahisi. Bunduki hii haina kioo cha kulengea kama ile ya mdunguaji. Jicho lako ndilo la kulengea, na jicho linakaa sehemu sahihi pale tu shavu, bega na kiganja vinapokaa sehemu ileile kila unapoinyanyua. Mkono ukikaa vibaya kidogo, mtutu unaelekea kwingine na kisahani kinaondoka zake kizima.

Kuna ugonjwa mmoja unawapata wengi, na hapa ndipo watu wanapochoma hela. Mtu anafyatua, bunduki inapiga teke, kinga ya triga inarudi nyuma na kugonga kifundo cha kidole cha kati. Mara ya kwanza unavumilia. Ikifika risasi ya mia, kidole kimevimba, na ubongo umeshaanza kuogopa teke kabla halijaja. Unafumba jicho. Unavuta triga kwa kushtuka. Kocha anadhani umeshuka kiwango.

Mwanamichezo anafanya nini? Analaumu kinga. Anatafuta kinga nyingine, yenye upinde mpana, au anabandika mpira nyuma yake. Inasaidia kwa wiki mbili. Ni sawasawa na kumfukuza golikipa kwa sababu mabeki wa kati wanamwacha mshambuliaji peke yake kila mechi. Golikipa mpya atakuja, atafungwa vilevile.

Mara nyingi mwenye kosa ni mshikio. Kama ni mwembamba au mfupi kwa kiganja chako, mkono wote unateleza kwenda mbele mpaka kidole cha kati kinakaa kimegusana na kinga. Teke likija hakuna nafasi. Dawa ni kuunenepesha mshikio, au kuubadili upate wenye mkunjo unaouzuia mkono kusogea. Bunduki nyingi za mashindano triga yenyewe inasogezwa mbele au nyuma kwa milimita kadhaa, kwa hiyo wakati mwingine dawa ni bisibisi tu, hununui chochote.

Kinyume chake nacho kipo, hasa kwa wadada na vijana. Mshikio mnene kwa kiganja kidogo, kidole kinafika kwenye triga kwa ncha tu. Ili afyatue inabidi ajivute, kifundo cha mkono kinapinda, mtutu unaondoka pembeni. Wenyewe wanapima kwa njia isiyohitaji mtambo: shika bunduki tupu, iliyofunguliwa na kuhakikishwa haina kitu, kisha angalia triga inagusa wapi. Inatakiwa iguse ile nyama laini ya kidole cha shahada. Ikigusa kwenye kiungo cha kidole, mshikio ni mdogo. Ikigusa ncha, ni mkubwa.

Nilipokuwa chuo nilinunua daluga za mtumba namba 43, mguu wangu 41, kwa sababu zilikuwa za rangi aliyokuwa anavaa Neymar. Nikajaza soksi. Nilicheza mechi tatu, nikapoteza kucha mbili. Wala sizitanii hizo daluga, zilikuwa nzuri kweli, zilikuwa za mtu mwingine tu.

Kuna la mkono wa kushoto pia. Mishikio mingi ya kisasa ina uvimbe upande mmoja unaojaza kiganja. Uvimbe huo ni wa kulia au wa kushoto, hauna katikati. Mlengaji wa kushoto akiuziwa kitako cha wa kulia kwa sababu kilikuwa bei poa, amenunua kuni. Na kabla hujatupa mshikio unaoteleza kwa jasho, angalia ile michoro ya vibokisi vidogo kwenye mbao. Ikiwa imesuguliwa ikaisha, fundi anaichonga upya na mbao inabaki ileile.

SUB YA DAKIKA YA 90

Waitaliano ndio wenye mji kwenye biashara hii. Beretta ina maandishi ya mauzo ya mwaka 1526, kabla Wareno hawajajenga Fort Jesus pale Mombasa. Lakini stori ninayoipenda ni ya jirani yao wa Brescia, Perazzi. Ennio Mattarelli alichukua dhahabu ya trap Tokyo 1964, halafu akakaa na Daniele Perazzi kutengeneza bunduki ya Olimpiki ya Mexico 1968. Wakaiita MX8. Ujanja wake mkubwa: triga, mitambo yake na kinga yake vinatoka kwa pamoja, kama betri ya simu za zamani. Unasukuma kitufe cha usalama mbele kabisa, unavuta kinga kwenda chini, vyote vinabaki mkononi.

Faida yake unaiona pale springi inapokatika katikati ya raundi. Mlengaji ana dakika chache tu za kutatua tatizo. Mwenye triga ya akiba mfukoni anafanya sub, anaendelea na mechi. Hapo kipande cha akiba kina maana, tena maana kubwa kuliko mtutu wa dhahabu.

Marekani ndiko soko la vipuri limefurika, hasa vya zile bunduki za kukoki kwa kusukuma na kuvuta kama Remington 870 na Mossberg 500. Hizo za kukoki haziruhusiwi kwenye Olimpiki, lakini wengi wanaanzia humo, na zina somo. Kwenye hizi, kinga na nyumba ya mitambo ya triga ni kitu kimoja. Ukisema unabadili kinga, unafungua moyo wa bunduki. Zipo za plastiki, zipo za aluminiamu. Mossberg 590A1 ilikuja na ya aluminiamu. Plastiki siyo mbaya kama watu wanavyoisema, haipati kutu na haigandi baridi mkononi. Ila tazama kitufe cha usalama kiko wapi. Cha Remington kiko kwenye kinga, nyuma ya triga. Cha Mossberg kiko juu, kinaguswa na dole gumba. Sasa mtu anafunga mshikio wa wima kama wa bastola kwenye Mossberg kwa sababu umependeza kwenye picha, halafu anagundua dole gumba halifiki tena kwenye kitufe bila kuachia mshikio. Amenunua urembo, amepoteza breki.

Kinga yenye upinde mkubwa nayo ina mahali pake. Kwenye nchi za baridi mtu analenga na glavu, na glavu nene kwenye upinde mdogo inaweza kusukuma triga bila mwenyewe kujua. Dar hiyo shida hatuna. Popote ulipo, kazi ya kufungua kitu chochote karibu na triga siyo ya YouTube na bisibisi ya jikoni. Ni ya fundi wa silaha. Kwenye bunduki nyingi za mitutu miwili, mkia wa kinga umefungwa kwa skrubu ndani ya mbao ya mshikio, na mbao isipokaa vizuri dhidi ya chuma, teke la bunduki linaipasua. Ukichonga mshikio umegusa kinga, ukigusa kinga umegusa mshikio.

Narudi kwenye pesa. Bunduki mpya ya mashindano kutoka Italia inapita bei ya IST ya mkononi, na inayotengenezwa kwa vipimo vyako inapita zaidi. Wenye uwezo wanapimwa na mafundi wa kiwanda, kiganja, shingo, bega, shavu, kabla kitako hakijachongwa. Asiye na uwezo anarithi bunduki ya chama iliyochongwa kwa ajili ya mtu mwingine, halafu tunashangaa anakosa visahani vitano. Chama chenye hela kidogo kikiniuliza mimi, mtu wa mpira, nitakiambia kisinunue bunduki ya pili. Kilipie fundi apime watoto kumi, awanenepeshee au awachongee mishikio, asogeze triga, na kinunue seti moja ya mitambo ya triga ya akiba kwa kila bunduki. Kim Rhode wa Marekani alipata medali kwenye Olimpiki sita mfululizo, 1996 hadi 2016, na sehemu kubwa ya safari hiyo aliifanya na bunduki moja, mpaka wezi walipoiiba kwenye gari yake mwaka 2008.

Nafasi zenyewe zinapungua. Michezo ya Jumuiya ya Madola, ambako nchi za kawaida zilikuwa zinapata uzoefu, iliuondoa ulengaji wa shabaha Birmingham 2022, na kwenye orodha ya Glasgow 2026 haumo tena. Anayetaka kujipima sasa anaangalia Kombe la Dunia la mchezo wenyewe na Los Angeles 2028.

Siku ukikutana na fainali ya trap kwenye runinga, usihangaike kufuata kisahani, hutakiona. Tazama mkono wa kulia wa mlengaji anapofungua bunduki kutoa maganda. Kuna ambao utakuta wamezungusha plasta kwenye kidole cha kati.