Abiria Asitengwe

Ndugu zangu wa Kiswahili hapa Johannesburg, mlioko Yeoville, Hillbrow, Mayfair na kwingineko, nina ombi. Akishambuliwa mtu kwenye treni au teksi, tusianze kuuliza ni wa kabila gani, wala tusikubali abiria yeyote atengwe na wenzake.

Mji huu umeumia kwa jambo hilo kabla wengi wetu hatujafika. Jioni ya tarehe 13 Septemba 1990, watu wenye bunduki na mapanga waliingia kwenye treni iliyojaa wafanyakazi waliokuwa wakirudi nyumbani, wakapita behewa hadi behewa wakiua. Treni iliposimama kwenye stesheni ya Benrose, waliokimbilia nje wakakuta wauaji wengine wanawangoja. Walikufa watu 26, wapatao 100 wakajeruhiwa. Tume ya Ukweli na Maridhiano iliyoongozwa na Askofu Mkuu Desmond Tutu ilihesabu mashambulio zaidi ya 600 kwenye treni kati ya 1990 na 1993, na waliouawa wapatao 572.

Mabehewa yale yalikuwa kanisa na baraza. Watu walihubiri humo, wakaimba, wakapanga migomo. Aliyetaka kuwatia watu hofu wakati Mandela ametoka gerezani na mazungumzo ya kukomesha utawala wa ubaguzi wa rangi yameanza, alijua wapi pa kupiga. Mashahidi wengi walisema wauaji hawakutamka neno lolote, basi kila upande ukawapa jina la adui wake. Chama cha ANC na kile cha Inkatha, chenye wafuasi wengi Wazulu, vikalaumiana. Mandela akasema ipo nguvu ya tatu ndani ya vyombo vya dola. Serikali ya Rais de Klerk ikakana. Machi 1994, majuma machache kabla ya uchaguzi, tume ya Jaji Richard Goldstone ikatoa ushahidi uliowahusisha maofisa wakuu wa polisi na uchochezi wa ghasia hizo.

Miaka yote hiyo ya kungoja ukweli, kibarua kutoka Natal aliyelala hosteli ya Jeppe au Denver, asiyemgusa mtu, alikuwa ameshahukumiwa kwa sababu ya Kizulu chake. Hilo linaniuma sana, kwa kuwa halikuishia hapo. Septemba 1998, kwenye treni kati ya Pretoria na Johannesburg, watu waliotoka kwenye mkutano wa kuwalaumu wageni waliwaua Wasenegali wawili na raia mmoja wa Msumbiji. Na kwetu je? Novemba 2012 matatu ililipuliwa Eastleigh, Nairobi, na mara vijana wakawageukia Wasomali, wakarusha mawe majumbani mwao.

Lakini kumbukeni Mandera, kaskazini mashariki mwa Kenya. Desemba 2015 basi lilitekwa na wapiganaji wa kundi la al-Shabaab, Waislamu wakaamriwa wajitenge na Wakristo. Walikataa. Wanawake waliwapa wenzao mitandio wajifunike, wakawaambia wauaji wawaue wote au wawaache. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi, na Januari iliyofuata akafariki. Walikuwa abiria tu, kama sisi.

Si kila mtu atapewa ujasiri ule, nami simdai mtu afe. Nawaomba mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu. Ujumbe wa sauti unaotaja kabila la wauaji kabla hata maiti hazijatambuliwa, uishie kwenye simu yako. Uliyeona tukio, andika siku ileile saa, mahali na namba ya gari. Shahidi asiende polisi peke yake. Wawili watatu tumsindikize. Kama hana vibali na anaogopa, tumpeleke kwanza kwa wanasheria wa Lawyers for Human Rights, wana ofisi mjini hapa.

Na tarehe 13 Septemba ijayo, misikiti na makanisa yetu yawaombee waliokufa Benrose. Kisha mtembelee jirani wa Soweto aliyepanda treni zile, umsikilize, na akiridhia, uyaandike maneno yake. Watoto wetu waliozaliwa hapa wanakijua Kizulu na Kisotho kuliko sisi. Nendeni nao.