Sungura-bahari si ufagio

Wadau, nimepotea kidogo hapa kibarazani. Kazi za chumba cha habari mnazijua, leo uko mahakamani, kesho uko kwenye semina unasubiri mgeni rasmi aliyechelewa saa tatu. Lakini kuna jambo linanikereketa na gazetini halina nafasi, kwa hiyo nalileta huku.

Baadhi yenu mlisoma makala yangu ya Jumapili kuhusu mnyama wa baharini anayesafisha tangi la samaki. Mlinipongeza, nami nikavimba kichwa. Leo naifuta ile makala. Si kwamba nilidanganya. Kila nilichoandika nilikiona kwa macho yangu. Tatizo ni kwamba niliandika siku ya tisa, na hadithi ilikuwa inaendelea.

Nianzie mwanzo kwa wale ambao hawakuisoma. Rafiki yangu mmoja, tulikuwa naye pale Mlimani, ana tangi la maji chumvi sebuleni kwake. Lita mia tatu hivi, mawe ya baharini ndani, samaki saba, taa zinazowaka kama duka la simu. Sasa lile tangi likaanza kuota mwani. Si mwani wa kuvutia, ni ule wa kijani unaofanana na nywele za mtu aliyelala vibaya. Ukafunika mawe, ukafunika mabomba, ukapanda mpaka kwenye kioo. Jamaa akahangaika. Akasoma kwenye intaneti kwamba Marekani na Ulaya wenye matangi kama hayo hununua sungura-bahari, wanamtumbukiza ndani, na baada ya siku chache kila kitu kinang'aa. Madukani kwao wanyama wa namna hiyo huuzwa kwa jina la pamoja, kikosi cha usafi. Akanipigia simu: "Kaka, hawa si wapo hapa kwetu?"

Wapo. Sungura-bahari ni koa mkubwa, ndugu yake konokono, ila gamba lake ni dogo na limefichwa ndani ya nyama. Kichwani ana pembe mbili laini zilizosimama kama masikio, ndiyo maana akaitwa sungura. Jina hilo ni la kale: Plinio, Mrumi aliyefariki mwaka 79, alimwandika kama kiumbe mwenye sumu. Yule ambaye watu wa matangi humpenda kuliko wengine, Dolabella auricularia kwa jina la kitaalamu, anaishi Bahari ya Hindi na Pasifiki, na kwenye pwani yetu unamkuta maji yakipwa, katika vidimbwi na majani ya bahari, amejificha kwa rangi yake ya matope. Anaweza kufika sentimita 40.

Tukaenda Kunduchi siku ya bamvua. Mzee mmoja mvuvi akatutafutia mmoja, mkubwa kama viganja viwili. Tukampa elfu tano. Akatuuliza, "Mnakwenda kumla?" Tukacheka. Nikamwambia, hapana mzee, tunamweka kwenye tangi ale mwani. Akamtazama yule mnyama kwenye ndoo, akauliza, "Na akimaliza?"

Mimi ni mwandishi wa habari. Nimesomeshwa kwa mkopo wa serikali ili niulize maswali. Swali la msingi la habari ile aliliuliza mzee wa Kunduchi, na mimi sikuliweka hata kwenye daftari.

Basi, yule koa alifanya kazi. Anakula usiku na mchana, taratibu, kama mtu anayekata nyasi kwa fyekeo huku akiwaza mambo yake. Siku ya tisa mawe yakaonekana. Nikapiga picha, nikaandika, nikasifia "njia ya asili isiyotumia kemikali". Mhariri akaipenda.

Wiki ya tatu hapakuwa na kitu cha kula. Wiki ya tano yule mnyama alikuwa amesinyaa hadi nusu yake. Sitii chumvi, sungura-bahari akikosa chakula mwili wake hupungua, anajila mwenyewe kutoka ndani. Jamaa akamtupia mchicha. Mchicha ukaoza. Baadaye tukajua kwamba angeweza kupewa mwani mkavu, ule wa kuzungushia sushi, usiotiwa viungo. Tulijua tumechelewa. Asubuhi moja alikutwa amenaswa kwenye mdomo wa pampu, amechanika, na maji yamegeuka zambarau. Anapobughudhiwa hutoa wino, kama pweza. Baharini wino huo unasambaa na yeye anaondoka zake. Kwenye lita mia tatu hauna pa kwenda. Samaki walikuwa juu wanahema. Tulibeba ndoo za maji mapya tangu saa moja asubuhi, tukaongeza na mkaa maalumu wa kuchujia, lakini wawili walikufa kabla ya adhuhuri.

Nilikwenda kwa mhariri nikamwomba nafasi ndogo tu, aya mbili. Akanitazama kama nimeomba likizo ya mwaka mzima. "Tuandike masahihisho kwa ajili ya konokono?"

Sasa naomba nieleweke. Sisemi tuwaonee huruma makoa huku binadamu wanalala njaa. Nasema kwamba hata ukiweka huruma pembeni kabisa, mpango wenyewe una kasoro ya hesabu.

Mwani hauoti kwa bahati mbaya. Unaota kwa sababu maji yana mbolea. Samaki anakula, anakunya, chakula kingine kinabaki chini kinaoza. Bakteria wanabadilisha ule uchafu mpaka unakuwa naitreti. Fosfeti nayo inaingia na chakula. Ongeza mwanga wa taa saa kumi na mbili kwa siku, umeshalima shamba. Sasa mtie sungura-bahari. Atakula mwani, sawa, halafu? Atakunya palepale. Sehemu kubwa ya mbolea iliyokuwa ndani ya mwani inarudi majini. Amehamisha tu. Ukilinganisha na mkono wako: unaponyofoa mwani ukautupa kwenye pipa la taka, mbolea iliyomo imetoka nje ya nyumba. Kazi ya mkono inachosha, inanuka, na kwa hesabu hii inamshinda mnyama.

Na kwenye tangi la jamaa kulikuwa na jambo jingine ambalo mimi, mwandishi mchunguzi, sikulichunguza. Maji ya tangi hupungua kila siku kwa mvuke. Kinachoondoka ni maji matupu. Chumvi na kila kitu kingine hubaki. Kwa hiyo unajazia maji baridi. Jamaa alikuwa anajazia maji ya kisima cha pale mtaani, mtaa ambao kila nyumba ina choo cha shimo. Baada ya ule msiba tulinunua kipimo cha naitreti, tukapima maji ya kisima yenyewe kabla hayajafika kwenye tangi. Kipimo kile huanza na rangi ya njano na kuelekea nyekundu kadiri naitreti inavyozidi. Kikaenda nyekundu moja kwa moja. Yaani kila alfajiri alikuwa anamwaga mbolea kwa ndoo, halafu anashangaa shamba limestawi. Mnyama aliletwa kulipa deni ambalo lilikuwa linakopwa upya kila siku.

(Na ndiyo, kisima hicho ndicho majirani wanachokitegemea. Hilo nalifuatilia kivyake, na safari hii mhariri hataniuliza habari za konokono.)

Linalonisumbua zaidi ni lile neno, kikosi cha usafi. Ukishamwita mnyama ufagio unaacha kujiuliza anakula nini kesho. Huyu tuliyemwita ufagio ana ndugu yake, Aplysia wa pwani ya California, ambaye alimsaidia Eric Kandel kupata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2000, pamoja na wenzake wawili. Kandel alimchagua kwa sababu ana seli za neva kama elfu 20 tu, nyingine kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Aligundua kwamba koa huyu anajifunza: ukimshtua anakumbuka, na ukimgusa tena anakunja yavuyavu lake haraka kuliko mwanzo. Sehemu ya tunachokijua kuhusu namna kumbukumbu inavyojengwa, hata kichwani mwako unaposoma hapa, ilianzia kwake. Na Dolabella mwenyewe, ndani ya mwili wake watafiti walipata kemikali iitwayo dolastatini. Kutokana na muundo wake ilitengenezwa maabara sehemu ya dawa ya saratani ya tezi za limfu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011. Baadaye ikaonekana kwamba kemikali hiyo anaipata kwenye vile vijimea vidogo anavyokula. Mnyama huyu ni chakula chake. Ukimnyima chakula umemnyima kila kitu.

Kuna watakaosema, si amrudishwe baharini akimaliza? Nililisema hilo mwenyewe. Ila tangi la jamaa lina samaki walioletwa kwa ndege kutoka nchi nyingine, na lolote walilokuja nalo, minyoo au ugonjwa, limekaa kwenye maji aliyokaa huyo koa. Sitaki kuwa mtu aliyelipeleka Kunduchi ndani ya ndoo. Na msiende kumchukua Mbudya au Bongoyo, kule ni hifadhi.

Je, hafai kabisa? Hapana, sisemi hivyo. Wenzetu Marekani wenye vyama vya wafugaji huazimana. Koa mmoja anahama nyumba hadi nyumba, akimaliza kwako anakwenda kwa mwenzako mwenye mwani, na pampu zote zinafunikwa wavu kabla hajaingia. Huo ni mpango wa mtu aliyelijibu swali la mzee kabla ya kununua. Hapa Dar wenye matangi ya maji chumvi unawahesabu kwa vidole, na nusu yao hawafahamiani. Kwa hiyo kwa sasa jibu langu ni hapana, anzeni na maji.

Jamaa ameanza. Anajazia maji yaliyochujwa, analisha mara moja kwa siku badala ya tatu, taa anazima mapema na kila Jumamosi anatia mkono ndani ya tangi, ananyofoa. Mwani upo bado. Umepungua, haujaisha, na mkewe analalamikia harufu.

Juzi nimepata barua pepe kutoka kwa msomaji wa Tanga aliyeiona ile makala ya Jumapili. Anataka namba ya mvuvi, yuko tayari kulipa elfu kumi, hata mawili. Nimemjibu nikimuuliza anajazia maji gani. Bado hajarudi.