Maharagwe Mekundu na Kikapu cha Kupikia

Mama mmoja wa mtaani kwetu alitaka kupunguza matumizi ya gesi. Aliyachemsha maharagwe mekundu kwa dakika chache, na povu lilipopanda tu, akayatia katika kikapu cha kupikia hadi adhuhuri. Wanawe walikula, na kabla ya alasiri wote walikuwa wakitapika. Lawama akaitupia nazi.

Nazi, kwa maoni yangu, ilionewa. Maharagwe mekundu mabichi yana protini ya jamii ya lektini, jina lililobuniwa mwaka 1954 kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kuchagua. Na kweli huchagua. Seli za utumbo wetu zimevikwa minyororo ya sukari. Si sukari ya kutia chaini, bali sukari za namna mbalimbali zilizoungana na kutoa matawi mithili ya matumbawe. Protini hiyo ina vishimo vidogo, na mnyororo unaonaswa ni ule tu ambao matawi yake yanakaa sawasawa kishimoni. Mshiko wa kishimo kimoja ni dhaifu. Lakini protini hii imeundwa kwa vipande vinne, kila kimoja na kishimo chake, na ikishika kwa zaidi ya kimoja haibanduki kwa urahisi. Utumbo hudhurika, na mlaji hutapika na kuhara, aghalabu baada ya saa moja hadi tatu. Punje nne au tano mbichi zaweza kutosha.

(Uteuzi huohuo una faida maabarani. Damu ya kundi A na ya kundi B hutofautiana kwa sukari moja mwishoni mwa mnyororo, na zipo lektini za mbegu zinazoitambua tofauti hiyo.)

Moto mkali huikunjua protini, vishimo vikapoteza umbo lake. Moto hafifu hautoshi: maharagwe yaliyofikia nyuzi 80 tu yaweza kudhuru kuliko hata mabichi. Hapo ndipo kikapu kinapomponza mpishi, kwani huhifadhi joto, hakichemshi.

Basi yaroweke kwa saa tano au zaidi, umwage maji hayo, uyatokose katika maji mapya kwa dakika 30, ndipo uyafunike kikapuni. Gesi ya nusu saa hiyo haikwepeki. Mama yule sasa hufanya hivyo. Kikapu hakukitupa, na tui la nazi limerudi chunguni.